Darasa la jioni au ripoti za kampuni: njia ipi ya kujifunza kuchambua taarifa za fedha?

Mwanafunzi wa Tanga asiyesomea uhasibu, anayetaka kuelewa taarifa za fedha, ana njia mbili: kuhudhuria masomo ya jioni au kujisomea ripoti za mwaka za kampuni.

Kwa gharama, ripoti hushinda bila ubishi, kwani kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam huzitoa hadharani. Darasa lina ada na nauli.

Kwa uthabiti wa msingi, darasa liko mbele sana. Mwalimu ataeleza kwa nini mali ni sawa na madeni pamoja na mtaji, na kwa nini mauzo ya mkopo huhesabiwa kuwa mapato kabla fedha haijapokelewa, jambo ambalo huwapotosha wengi wanaojisomea, wakadhani kwamba faida ni fedha taslimu. Kampuni inaweza kutangaza faida huku ikishindwa kulipa mishahara. Ndiyo maana mimi husisitiza kusoma mtiririko wa fedha sambamba na faida.

Hata hivyo, mifano ya darasani huwa imesafishwa mno. Ripoti ya Tanga Cement, yenye kiwanda pale Pongwe, humlazimisha msomaji kupekua maelezo ya ziada kuhusu mikopo na uchakavu wa mitambo.

Anayekaribia usaili wa kazi ya benki, na hajawahi kuona mizania, yaani taarifa ya mali, madeni na mtaji, aanze darasani. Mwenye muda na anayejua kanuni za msingi ataendelea vyema na ripoti, akilinganisha miaka mitatu au minne ya kampuni moja.