Presha Kwenye Kiti cha Kinyozi: Tathmini ya Huduma Tatu za Utafiti wa Moyo Nchini Marekani

Kwa miaka mingi watafiti wa Marekani wamelalamika kwamba watu weusi hawajitokezi kushiriki majaribio ya kitabibu ya magonjwa ya moyo, nao wamebuni njia nyingi za kuwavuta, zikiwamo programu za simu, saa za mkononi na mikutano ya mitaani. Katika tathmini hii ninazipima huduma tatu za aina hiyo kwa kufuata matokeo yaliyochapishwa katika majarida ya kitabibu, lakini nitakaa zaidi kwenye moja, yaani matibabu ya presha yaliyotolewa ndani ya saluni za kunyolea za Los Angeles, kwa sababu ndiyo pekee ninayoweza kuipendekeza karibu bila masharti. Nyingine mbili ni programu ya simu iliyopitia makanisani huko Minnesota na utafiti wa saa janja ya Apple: ya kwanza ni nzuri lakini bado ni ndogo mno, na ya pili ilikusanya umati mkubwa ambao kwa sehemu kubwa haukuwa umati uliohitajika.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini asili ya mshiriki iwe na uzito, ilhali moyo ni moyo. Jibu limo katika dawa zenyewe. Jaribio la PARADIGM-HF la mwaka 2014, lililoithibitisha dawa ya sakubitrili na valsatani kwa watu wenye moyo ulioshindwa kusukuma damu ipasavyo, lilikuwa na wagonjwa zaidi ya 8,000 kutoka nchi 47, na watu weusi kati yao walikuwa takriban asilimia 5 tu. Dawa hiyo, kama zilivyo jamaa zake za zamani za presha, inaweza kuleta uvimbe wa ghafla wa midomo, ulimi na koo, na uvimbe huo unajulikana kuwapata watu weusi mara nyingi zaidi, kwa hiyo wale waliokuwa na sababu kubwa zaidi ya kuchunguzwa ndio waliokuwa wachache. Kwa upande wa Afrika, jaribio la CREOLE lililochapishwa mwaka 2019, ambalo lilihusisha wagonjwa 728 wa nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo, lilionyesha kwamba michanganyiko yenye amlodipini, dawa inayolegeza mishipa ya damu, ilishusha presha vizuri zaidi kuliko mchanganyiko wa perindoprili, dawa nyingine ya presha, na dawa ya kuongeza mkojo. Jibu la namna hiyo halipatikani kwa kuwapima wakazi wa Ulaya peke yao na kisha kubahatisha kuhusu wengine.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Wamarekani weusi wanaogopa utafiti, na ni kweli kwamba wana sababu. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwaacha mamia ya wanaume weusi wa eneo la Tuskegee, Alabama, waendelee kuugua kaswende bila tiba ili maendeleo ya ugonjwa yatazamwe, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa inaiponya. Hata hivyo mapitio yaliyochapishwa mwaka 2006, yaliyojumlisha tafiti 20 na watu zaidi ya 70,000, yaligundua kwamba watu wa jamii za wachache, weusi wakiwamo, wanapoalikwa hukubali kushiriki kwa kiwango kinachokaribiana sana na kile cha wazungu. Kwa hiyo ninapozipima huduma hizi siulizi sana kama zinaondoa hofu. Ninauliza mwaliko unatolewa na nani, mahali gani, na mtu aliyekubali anapata nini siku inayofuata.

Kwa kipimo hicho, huduma ya Los Angeles iko mbele kwa mbali. Iliandaliwa na daktari wa moyo Ronald Victor wa hospitali ya Cedars-Sinai, na matokeo yake ya kwanza yalitangazwa mwezi Machi 2018, miezi michache kabla ya Victor mwenyewe kufariki dunia. Saluni 52 zinazomilikiwa na watu weusi zilikubali kushiriki, na ndani yake walipatikana wanaume weusi 319 wa umri wa miaka 35 hadi 79 ambao namba ya juu ya presha yao ilikuwa 140 au zaidi. Hawakuokotwa njiani, kwani sharti lilikuwa kwamba mshiriki awe mteja wa kawaida wa saluni hiyo, na kwa wastani wanaume hao walikuwa wamenyolewa katika saluni ile ile kwa takriban miaka 10. Kinyozi wa miaka 10 anajua mteja wake amefiwa lini, amefukuzwa kazi lini na amenenepa kiasi gani, na akimwambia kwamba namba zake hazipendezi, anasikilizwa kwa namna ambayo daktari wa dakika chache hawezi kusikilizwa.

Saluni ziligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Katika kundi la kwanza kinyozi alimhimiza mteja akutane na mfamasia aliyepewa mafunzo maalumu, ambaye alikuja saluni pale pale, akampima presha kwa mashine ya kielektroniki, akaanzisha dawa kwa makubaliano maalumu na daktari wa mteja huyo, akafuatilia hali ya damu kwa kipimo kidogo kilichofanyika hapo hapo, kisha akamtumia daktari taarifa. Ratiba ya dawa ilianza na amlodipini pamoja na dawa nyingine ya kulegeza mishipa. Katika kundi la pili kinyozi alimhimiza mteja apunguze chumvi, afanye mazoezi na aende kumwona daktari wake, basi.

Baada ya miezi 6 namba ya juu ya presha katika kundi la mfamasia ilikuwa imeshuka kwa wastani wa milimita 27 za zebaki, ilhali katika kundi la mawaidha ilishuka kwa milimita 9.3. Waliofikia presha ya chini ya 130/80 walikuwa asilimia 63.6 katika kundi la kwanza na asilimia 11.7 katika la pili. Mwaka ulipokamilika nafuu hiyo ilikuwa bado ipo, ingawa katika nusu ya pili ya mwaka mfamasia alifika kwa nadra zaidi. Watu waliowahi kufuatilia majaribio ya presha watatambua kwamba kushuka kwa kiwango hicho si jambo la kila siku. Kilichonivutia zaidi, hata hivyo, ni kwamba takriban asilimia 95 ya washiriki walikuwa bado wamo baada ya miezi 6, tena ni wanaume, ambao kila mhudumu wa afya hulalamika kwamba wakiona dalili zimetulia hawarudi kliniki.

Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu simulizi ya kinyozi ni tamu na wengi wameichukua nusu nusu. Victor na wenzake walikwishajaribu huko Dallas huduma ya namna hiyo isiyo na mfamasia, ambamo vinyozi walipima presha na kuwaelekeza wateja kwa madaktari, na matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalikuwa ya kiasi tu. Kundi la pili la Los Angeles lilirudia somo lile lile. Kinyozi alifungua mlango, lakini aliyeshusha presha ni mfamasia mwenye mamlaka ya kubadilisha dawa bila kumwambia mgonjwa arudi baada ya miezi mitatu. Taasisi inayowavisha vinyozi fulana zenye picha ya moyo, ikawapa mashine moja na vipeperushi, kisha ikadai kwamba imeishirikisha jamii, imenunua nusu ya bidhaa ambayo ni rahisi na kuiacha nusu inayotibu.

Dosari zipo. Wanawake hawakuhusishwa kabisa, na kwa kuwa huduma imejengwa juu ya saluni za wanaume, haiwezi kuwaongeza kwa kubadilisha kipengele kimoja cha mwongozo. Washiriki walipewa fedha kidogo za kufidia gharama, jambo la haki katika utafiti lakini linalofanya iwe vigumu kujua ni wangapi wangeendelea bila hizo. Wafamasia walitumia saa nyingi ndani ya magari wakizunguka katika jiji lenye foleni maarufu. Kubwa kuliko yote ni kwamba ilikuwa huduma ya utafiti yenye tarehe ya mwisho, na presha haina tarehe ya mwisho, hivyo mtu aliyezoea kutibiwa pale anaponyolewa hurudishwa kwenye mfumo ule ule uliomshinda mwanzo.

Utafiti wa moyo wa Apple, uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha Stanford, hauhitaji maneno mengi. Ndani ya miezi 8 ulisajili watu 419,297 bila mtu hata mmoja kuingia kliniki, na kwa upande wa teknolojia huo ni ufundi wa hali ya juu: saa ilisoma mapigo kwa mwanga unaomulika ngozi, na yalipoonekana hayana mpangilio ilimpa mvaaji taarifa. Sharti lilikuwa uwe na simu ya iPhone na saa ya Apple, na sharti hilo peke yake lilichuja washiriki kabla utafiti haujaanza. Mapigo yasiyo na mpangilio ni ugonjwa unaoongezeka sana uzeeni, lakini wenye umri wa miaka 65 na zaidi walikuwa takriban asilimia 6 ya washiriki, na watu weusi takriban asilimia 8, ilhali katika idadi ya watu wa Marekani wanakaribia asilimia 13. Kati ya watu 2,161 waliopata taarifa ya hatari, ni 945 tu waliokamilisha mazungumzo ya kwanza na daktari wa utafiti, na 450 ndio waliorudisha kiraka cha kubandika kifuani cha kupimia moyo kikiwa na data ya kuchambuliwa. Ukiziweka namba hizo kando ya zile za saluni, unaona tofauti kati ya mwaliko wa kioo cha simu na mwaliko wa mtu unayemfahamu.

Programu ya FAITH!, ile ya simu iliyopitia makanisani, inasimama katikati, na kwa msomaji anayependa teknolojia ndiyo yenye matumaini zaidi. Iliongozwa na daktari wa moyo LaPrincess Brewer wa hospitali ya Mayo Clinic, na waumini wa makanisa ya Wamarekani weusi walishiriki kuibuni tangu mwanzo, si kuja kuipigia makofi ikiwa tayari. Ndani yake mna mafunzo ya wiki 10 kuhusu chakula, mazoezi, presha, sukari, lehemu, uzito na uvutaji wa sigara, pamoja na sehemu ya kujiwekea kumbukumbu na ubao wa kupeana moyo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2022, lililofanyika katika makanisa 16 ya Minneapolis, St. Paul na Rochester wakati janga la korona likiendelea, alama ya afya ya moyo yenye upeo wa 14 ilipanda kwa 1.9 kwa waliopewa programu mapema na kwa 0.7 kwa waliosubiri. Ni matokeo mazuri, lakini ni ya watu 85, zaidi ya theluthi mbili wakiwa wanawake, na miezi 6 haitoshi kusema kama tabia zilidumu. Asiyeenda kanisani hana pa kuingilia, na makanisa ya miji hiyo hayana waumini Wamarekani weusi pekee. Minnesota ina Wakenya wengi wenye ibada zao za Kiswahili, na mtaalamu anayewaorodhesha wote kama watu weusi huku akiwapa maelezo ya Kiingereza pekee ameongeza idadi kwenye jedwali bila kuongeza uelewa.

Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, huduma ya saluni inashawishi kwa sababu saluni za kunyolea ziko kila mtaa na mazungumzo ndani yake hayana uhaba. Atakayetaka kuiiga aanze na swali la kisheria kabla ya kununua mashine za presha, kwani California inaruhusu mfamasia kuanzisha na kubadilisha dawa kwa makubaliano na daktari, na bila ruhusa ya namna hiyo, iwe kwa mfamasia, muuguzi au tabibu, atakachokipata ni kundi la pili la Los Angeles. Swali la pili ni bei ya dawa za kila mwezi baada ya mfadhili kuondoka.

Kwa alama tano, naipa huduma ya saluni nne na nusu, na nusu iliyobaki nimeizuia kwa ajili ya wanawake na kwa ajili ya siku ile utafiti unapofungwa. FAITH! naipa tatu na nusu, nikisubiri jaribio kubwa zaidi na la muda mrefu zaidi. Saa ya Apple naipa nne kama chombo cha kutambua mapigo, na mbili kama njia ya kuleta sura mpya katika utafiti wa moyo. Msomaji aliyeko Marekani ambaye atapata mwaliko wa utafiti wowote wa aina hizi ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, na ningemshauri aulize wazi wazi nani atakayeendelea kumtibu na kumlipia dawa baada ya kipindi cha utafiti kwisha. Jibu likiwa ni namba ya simu ya kliniki tu, asitie saini kabla hajaipiga.