Hellig Usvart ya Horde: Injili ya kelele kutoka lebo ya kidunia

Haya ndugu zangu, karibuni. Hii mnayoiona mkononi ni Hellig Usvart ya Horde, albamu ya bleki metali (metali ya kasi na mayowe, ambayo kwa kawaida humtukuza Shetani) yenye ujumbe wa Kikristo, ya mwaka 1994. Nimeichagua kwa sababu inagusa mjadala ambao kwenye muziki wa injili hapa kwetu hauishi: mwimbaji aliyeokoka afanye kazi na lebo ya kidunia au asifanye? Mimi nasema afanye, mradi asibadilishiwe ujumbe, na albamu hii ndiyo ushahidi wangu.

Tuuangalie kwanza mwaka wenyewe. Bleki metali ya Norway ilikuwa imetoka kuitikisa nchi nzima. Juni 1992 kanisa la kale la mbao la Fantoft, kule Bergen, lilichomwa moto, na makanisa mengine yakafuata. Agosti 1993 Euronymous, mpiga gitaa wa bendi ya Mayhem na kinara wa vijana wa muziki huo, aliuawa na Varg Vikernes, mwanamuziki mwenzake mwenye mradi wa Burzum. Mei 1994 Vikernes akafungwa miaka 21. Kwa hiyo tusidhani misalaba iliyopinduliwa ya bendi hizo ilikuwa ya kupigia picha tu. Kwa wengi wao Ukristo ulikuwa adui wa kweli.

Sasa mwaka huohuo inaingia sokoni albamu yenye mlio uleule na jina la Kinorwe, ila ukisoma mashairi, anayepondwa ni Shetani karibu mwanzo mpaka mwisho. Unatafuta majina ya wanamuziki, unakuta moja tu: Anonymous. Kijembe hicho kwa Euronymous kila mtu alikielewa. Baadaye ikajulikana kwamba ni Jayson Sherlock, mpiga dramu wa Australia aliyekuwa kwenye bendi ya Kikristo ya Mortification. Gitaa, besi, dramu na sauti, vyote ni yeye peke yake.

Na aliyeitoa ni Nuclear Blast ya Ujerumani, lebo aliyoianzisha Markus Staiger mwaka 1987. Hii si lebo ya kanisa hata kidogo. Ni nyumba iliyokuwa na bendi za metali za kidunia kama Benediction na Hypocrisy, na miaka mitatu baadaye ikatoa albamu ya Dimmu Borgir, bendi ya bleki metali ya Norway. Mortification nao walikuwa humo, kwa hiyo Sherlock hakuwa mgeni pale. Albamu ilipotoka, vitisho vya kuua vikaanza kumiminika kwa lebo, watu wakimtaka Staiger ataje nani yuko nyuma ya Horde.

Hebu lifikirieni hilo. Kama albamu hii ingetolewa na lebo ya Kikristo, ingepangwa kwenye duka la vitabu vya dini, wakainunua waumini, yakaishia hapo. Nani angekasirika? Ilikasirisha kwa sababu ilikaa rafu moja na albamu za wale inaowajibu, ikiuzwa na muuzaji yuleyule, kwa mnunuzi yuleyule. Mashairi hayakulainishwa. Wimbo unaitwa Invert the Inverted Cross, yaani msalaba uliopinduliwa upindue tena, usimame sawasawa. Mwingine ni Crush the Bloodied Horns of the Goat, kuziponda pembe za mbuzi zilizojaa damu. Lebo ya kidunia iliyachapa hivyohivyo yalivyo. Sijui kama kamati ya kanisa ingekubali majina hayo yapite!

Tuje kwenye muziki wenyewe. Unafunguliwa na kengele ya kanisa inayolia ndani ya upepo wa baridi, halafu gitaa zinashuka kama mvua kubwa kwenye bati, huwezi kutenganisha tone na tone. Kwa asiyezoea, dakika tano za kwanza ni mateso. Vumilia, sikiliza dramu. Hapo ndipo utajua huyu mtu dramu ndiyo kazi yake. Mwendo ni wa kasi ya kutisha, lakini mikono haipotei, na anapopunguza kasi unauhisi uzito kifuani. Gitaa ni rahisi kuliko dramu, riffu (vipande vya gitaa vinavyorudiwarudiwa) nyingine zinafanana mno, na besi imezama kabisa. Sauti ni mayowe makali. Bila karatasi ya mashairi hutoki na neno. Kurekodiwa kumeachwa kukwaruze makusudi, maana ndiyo ladha ya aina hii, ila mimi ningependa besi iinuliwe kidogo.

Upande wa mashairi ninalo la kusema, na nasema kwa upendo. Shetani anatajwa sana humu, anatukanwa, anakanyagwa, lakini neema ya Kristo inapata nafasi ndogo. Kijana aliyekuwa anachungulia giza lile angehitaji pia kuambiwa yuko wapi wa kumkimbilia. Ndiyo maana naupenda wimbo wa mwisho, Mine Heart Doth Beseech Thee, ambapo vita vinageuka maombi na moyo unamsihi Bwana. Ningetamani nyimbo mbili tatu zaidi za namna hiyo.

Halafu mwaka 2006 Horde ilipanda jukwaani Oslo kwenye tamasha la Nordic Fest, Sherlock akisaidiwa na wanamuziki wengine. Oslo, mji ambao Euronymous alikuwa na duka lake la muziki na ndiko alikouawa! Onyesho hilo lilitoka kama albamu mwaka uliofuata, na walio na bajeti ya zote mbili wazichukue.

Kwangu hii ni nane kwa kumi. Mbili nimezikata kwa riffu zinazojirudia na kwa hiyo neema iliyobanwa. Ukinunua, hakikisha nakala ina kijitabu cha mashairi, vinginevyo utabaki na mayowe tu. Na kama ni mara yako ya kwanza kabisa, usianze na wimbo wa kwanza. Anza na Invert the Inverted Cross, ukiwa umefungua mashairi mbele yako, kisha rudi mwanzo.