Mafunzo ya usalama saiti: darasani hafifu, uwanjani ya thamani

Mkandarasi wa jengo letu la ghorofa hapa Dar es Salaam alikodi kampuni ya mafunzo ya usalama na afya ili kila anayeingia saiti, awe mhandisi au saidia fundi, aelekezwe kwanza ndipo akabidhiwe kofia na buti. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwisha mwajiri jukumu la kuwalinda anaowaajiri, kwa hiyo uamuzi huo haukuwa hisani. La kujiuliza ni kama fedha hiyo, inayokokotolewa kwa idadi ya vichwa, ilikwenda kihalali.

Kipindi cha darasani kilipwaya. Slaidi zilikuwa za Kiingereza, vifungu vya sheria vilisomwa kimoja baada ya kingine, na wasuka nondo waliokaa nyuma walisinzia hata kabla ya chai.

Uwanjani hali ilikuwa nyingine kabisa. Mkufunzi, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa seremala wa saiti, alifunga mfuko wa mchanga kwenye mkanda wa usalama wenye kamba ya mita 2, akanasa kulabu kwenye mrunda wa aina ileile ambayo mafundi wetu hujifungia kila siku, kisha akausukuma mfuko kutoka juu ya jukwaa. Mrunda ulikatika. Akaeleza kwamba anayenasa kulabu usawa wa nyayo zake huanguka zaidi ya mita 3 kabla kamba haijakaza, ilhali anayenasa juu ya kichwa, mahali palipo imara, hushuka kidogo tu. Halafu akapandisha suruali na kuonyesha makovu ya magotini aliyoyapata kwa kupiga magoti kwenye zege bichi, ambalo huunguza ngozi polepole kiasi kwamba maumivu hufika wakati madhara yameshatokea. Wiki iliyofuata mafundi walizidai glavu na buti za mpira hadi stoo ikaishiwa.

Mtihani wa mwisho, kusema kweli, ulikuwa mzaha: majibu yalisomwa kwa sauti na wote wakapata vyeti. Kasoro nzito zaidi ni vibarua wa zege, ambao huitwa alfajiri ya siku ya kumwaga, husaini daftari getini, na kupanda juu na karai bila kuelekezwa lolote. Nilipoiuliza kampuni kuhusu kipindi kifupi cha getini kwa ajili yao, nilijibiwa kwamba huo ni mkataba mwingine.