Kitochi au simujanja kwa mzee mwenye dimenshia (maradhi ya kupoteza kumbukumbu)?

Kitochi kina vitufe halisi na chaji hukaa siku kadhaa. Aliyekizoea miaka mingi asinyang'anywe. Kasoro yake ni kupiga kwa kitufe kimoja: lazima akumbuke kuwa 2 ni Asha na 3 ni Juma, na hapo ndipo kumbukumbu inapomwangusha.

Simujanja humwonyesha sura. Weka kwenye skrini ya mwanzo picha za watu wanne, kila moja ikiguswa ipige moja kwa moja, kisha ondoa vingine vyote. Kwenye Samsung funga pia mpangilio wa skrini ya mwanzo, la sivyo kidole kikikawia juu ya picha kisha kikateleza huihamisha, naye atadhani simu imeharibika. Nywila ya kufungulia iondolewe. Pesa za simu? Ziwe kwenye laini nyingine, nayo ikae kwa mwanawe.