Rampu za kupandishia ATV (pikipiki ya magurudumu manne) kwenye pikapu: ndoano imenyooka, muuzaji ananiambia "bonasi"

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa sasa, nilisema ngoja nitulie kwanza ndio niandike ila kila nikiingia stoo nikaiona ile mikanda damu inachemka upya, basi acha niandike hivi hivi. Mambo ya rampu ina upana gani na inabeba kilo ngapi mtasoma kwenye boksi. Mimi naongelea ndoano tu.

Ndoano yenyewe ni kile kichuma cha umbo la S kilichoko mwisho wa mkanda, mkanda wenyewe ni ule wa kufunga rampu na gari ili isirudi nyuma. Siku hiyo gari nimeegesha sehemu tambarare, hendibreki nimevuta, rampu mbili nimeziegemeza kwenye mlango wa nyuma wa pikapu, mikanda nimeifunga chini kwenye kile chuma cha kuvutia tela kama kikaratasi chao kinavyosema. Nikaweka gia ya chini nikaanza kupanda taratibu. Magurudumu ya mbele yakaingia kwenye bodi vizuri kabisa. Ya nyuma yalipofika kama katikati ya rampu nikaongeza moto kidogo, kidogo tu, nikasikia "ta!" na rampu ya kushoto ikachomoka kwa nyuma kama kuna mtu kaivuta kwa kamba. Nikaruka kulia. ATV ikashuka makalio, ikalala upande wa kushoto, ikabingiria hadi chini na injini bado inanguruma, tairi linazunguka hewani, na pale ilipotua ndipo mpwa wangu alipokuwa amesimama dakika moja nyuma akiniangalizia kama magurudumu yamenyooka. Nilikuwa nimemfokea asogee. Sijui kwa nini nilimfokea, lakini nilimfokea. Mashine ya zaidi ya kilo 300 hiyo jamani.

Watu wengi wanaogopa rampu kupinda au kukatika, na mimi nilikuwa hivyo hivyo, nikaangalia unene wa alumini yake nikaridhika. Kumbe balaa liko kwingine. Gurudumu linaposukuma mashine kwenda mbele, hilo hilo linaisukuma rampu kurudi nyuma, na ule mpira uliobandikwa kwenye mdomo wa rampu hauwezi kuizuia peke yake, hasa mlango ukiwa na maji au tope. Kinachoishika pale ni mkanda. Mkanda ukiachia umekwisha.

Ndoano nimeiokota mwenyewe. Mshono wa mkanda mzima, kile kibano cha kukazia mkanda kizima, ila ile S imenyooka, ncha inatazama juu kama msumari uliopindwa vibaya. Nikaifunga kwenye kitambaa nikaenda nayo dukani. Kijana pale hakuinua hata macho kwenye simu, "Mzee, rampu hazina shida hizo, shida ni upandishaji." Nikamwekea ndoano mezani. Akaisogeza pembeni kwa kidole kimoja, "Hiyo mikanda ni bonasi tu, sisi tunauza rampu." Bonasi! Kitu pekee kinachozuia mtu asiangukiwe na mashine ndio bonasi. Nilitetemeka mikono. Baadaye akatoka mwenzake akanipa mkanda mpya bure ili niondoke, nafika nyumbani nafungua, ndoano ni ile ile.

Sasa niseme na upande wa pili kwa sababu sitaki kudhulumu. Rampu zenyewe ni nzuri. Ni za mgongo uliopinda kwa hiyo tumbo la mashine halikwaruzi pale juu kwenye kona, na zimeangukiwa siku ile na hazijapinda hata kidogo. Urefu wake wa mita 2.4 nao ni raha, maana mlango wangu uko kama sentimita 85 kutoka chini, na kwa rampu za mita 1.8 nilizokuwa naazima zamani nilikuwa napanda mwinuko wa nyuzi karibu 28, hizi zinashusha hadi kama 21, tofauti yake unaisikia kifuani, mashine haikuelemei kwa nyuma. Nimetupa mikanda yao, nimeweka cheni yenye ndoano nene za kujifunga, kila rampu na cheni yake, na nikipata kijiteremko narudisha gari kinyumenyume hadi mlango wa nyuma uelekee kingo iliyoinuka ili mwinuko upungue zaidi. Nimeshapandisha mara tano sita hivi na hazijasogea hata unywele. Kwa hiyo nilitaka kuandika nunueni, wekeni cheni zenu, maisha yaendelee. Nyota tatu, hata nne.

Lakini hapana, nikifika hapo nakataa. Anayenunua mara ya kwanza atajuaje kuwa mkanda aliopewa ndani ya boksi si wa kuaminiwa? Ataufunga kama nilivyofunga mimi, ataamini kama nilivyoamini, na nyuma yake atakuwa amesimama mtu. Nyota moja, na hiyo moja ni ya alumini. Wabadilishe ndoano nitakuja kurekebisha hapa hapa, ile iliyonyooka ninayo bado, wakiitaka waje waichukue waitazame. Mpwa wangu mpaka leo nikisema napandisha anaenda kusimama kule ukutani, na simwiti.