Uzoefu wangu na gitaa la betri hapa Tanga: pikapu za EMG 81 na 85

Gitaa ninalolizungumzia lina pikapu mbili (vinasa sauti vinavyokaa chini ya nyuzi) za kampuni ya EMG zinazotumia betri: modeli ya 81 upande wa daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, na 85 upande wa shingo. Nalipiga Tanga, kwenye dansi na taarabu. Pikapu hizi husifiwa kwa nguvu, na wanaozitangaza aghalabu ni wapiga roki nzito. Kwa kazi zetu za pwani, nguvu ndiyo sifa ninayoihitaji kidogo kuliko zote. Faida nilizoziona ni tatu: gitaa halivumi, kebo ndefu haiiui sauti, na mwimbaji anayepiga huku mdomo uko kwenye maiki yuko salama zaidi. Zote tatu zinategemea betri moja ya volti 9 na jeki ndogo (tundu la kuchomekea kebo), na hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea.

Pikapu ya kawaida ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko. Sauti yake hutoka ikiwa dhaifu, na kebo humalizia kuichakaza: ukipita mita 6 hivi, ukali wa nyuzi za juu unafifia, gitaa linasikika kama limefunikwa shuka. Pikapu ya betri ina mizunguko michache, na kikuza sauti kidogo kimezikwa humo humo ndani ya gundi ngumu. Kikuza hicho hutoa sauti kwa ukinzani wa kiloomu 10, kwa hiyo kebo ya mita 10 haina madhara ya kusikika. Ukumbini, ambako amplifaya inawekwa nyuma ya wapiga ngoma na wewe uko mbele karibu na maharusi, hilo ni jambo kubwa.

Faida hiyo hiyo inaonekana pale pasipo na amplifaya na kila kitu kinachomekwa kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti. Gitaa la kawaida linataka tundu lenye ukinzani wa karibu megaomu 1. Tundu la laini (line) la mikisa mara nyingi lina kiloomu 10 au 20 tu, na gitaa linakufa. Hili la betri linapoteza nguvu kiasi, pengine nusu, lakini rangi ya sauti inabaki. Unapandisha geini ya chaneli ile na kazi inaendelea.

Sasa betri. Nimesikia wengi wakisema ukisahau kebo kwenye gitaa usiku mmoja betri imekwisha. Kwa pikapu hizi si kweli, na hesabu iko wazi. Kila pikapu hula takriban mikroampea 80, mbili ni 160. Betri nzuri ya alkalini ya volti 9 ina kama miliampea-saa 500. Ukigawanya unapata saa 3,000 na ushee, sawa na miezi minne ya kuwaka usiku na mchana. Wanaosema vile huenda wamezoea pikapu au vikuza sauti vya bei ya chini vinavyokula miliampea 2 au zaidi. Hapo betri ile ile inadumu kama siku 10. Chomoa kebo kila ukimaliza kupiga, lakini ukisahau mara moja usinunue betri mpya kwa hofu. Pima kwanza. Betri mpya ya alkalini husoma zaidi ya volti 9 kwenye mita. Mimi ikifika 7 naitoa. Zile za kaboni za bei rahisi siziweki kabisa, kwa sababu zikizeeka huvuja, na maji yake yanakula klipu na nyaya.

Betri inapokaribia kuisha gitaa halizimiki ghafla. Ukipiga taratibu linasikika zima, ukikaza mkono sauti inakoroma na kukatika mwishoni mwa kila pigo. Mara nyingi spika ndiyo inalaumiwa, au kebo. Kabla ya kufungua kitu chochote badili betri, ni dakika mbili.

Jeki ndiyo swichi ya betri, na asiyelijua hili ataharibu gitaa zima kwa nia njema. Si jeki ya mono bali ya stirio, yenye miguu mitatu. Mguu wa ncha hubeba sauti, mguu wa kati hushikwa na waya mweusi wa betri, na mguu wa nje ndio wa ethi (waya wa ardhi). Ukichomeka plagi ya kawaida ya mono, shina lake refu linaunganisha mguu wa kati na wa nje, betri inakamilisha mzunguko na pikapu zinaamka. Ukichomoa, zinalala. Hapo yanatokea makosa mawili. La kwanza ni kuchomeka kebo ya stirio iliyookotwa kwenye vifaa vya mikisa: plagi yake imegawanyika sehemu tatu, mguu wa kati hauungani na wa nje, gitaa linakuwa bubu. La pili ni fundi redio kubadili jeki iliyolegea akaweka ya mono. Akiupeleka waya mweusi moja kwa moja kwenye ethi, betri inawaka wakati wote. Akiuacha unaning'inia, haiwaki kamwe. Ukienda kwa fundi, hata awe hodari kiasi gani, mwambie mapema: jeki ya stirio, miguu mitatu, weusi wa betri katikati.

Vitufe vya volyumu na toni navyo si vya kawaida. EMG wanatumia potenshometa (vipunguza sauti vilivyo chini ya vitufe) za kiloomu 25 na kapasita ya toni ya mikrofaradi 0.1. Gitaa la kawaida lina kiloomu 250 au 500. Fundi akiweka ya 500 kwa sababu ndiyo aliyonayo, sauti itatoka, lakini volyumu itafanya kazi kama swichi: kuanzia 10 hadi 2 hakuna kinachobadilika, kisha inaanguka kwa mkupuo. Kwa mpiga ridhimu anayeshusha sauti taratibu mwimbaji anapoingia, hiyo ni kero ya kila wimbo. Na usichanganye pikapu moja ya betri na moja ya kawaida kwenye vitufe hivyo vya 25. Ile ya kawaida itabanwa isikike kama iko chumba cha pili.

Usalama unahitaji maelezo marefu zaidi, maana ndio ulionifanya nilipende gitaa hili. Kwenye gitaa la kawaida kuna waya mdogo unaotoka kwenye daraja hadi ethi ya jeki, ili mwili wa mpigaji usaidie kupunguza mvumo. Ndiyo maana mvumo hupungua ukigusa nyuzi. Maana yake pia ni kwamba vidole vyako vimeunganishwa na chasisi ya amplifaya. Maiki nayo imeunganishwa na mikisa, na mikisa mara nyingi imechomekwa soketi nyingine, pengine hata kwenye jenereta nyingine. Soketi moja ikiwa haina ethi, au laini na nyutro zimepishana, kati ya nyuzi na maiki kunakuwa na umeme. Ukigusa maiki kwa mdomo huku umeshika nyuzi, umeme unapita mwilini mwako kutoka mkono hadi kinywa. Kwenye kumbi za muda, maturubai na nyaya za kuungaunga, hali hii si ngeni hata kidogo.

Pikapu za EMG zimekingwa ndani kwa ndani, hazihitaji mwili wako kuzituliza. Kwa hiyo maelekezo ya watengenezaji ni kutouunganisha waya wa daraja. Nyuzi zinabaki peke yake, haziendi kokote. Ukinunua gitaa lililotumika, hakikisha hakuna aliyeurudisha kwa kudhani ulikatika. Weka mita kwenye kipimo cha mlio, kijiti kimoja kwenye daraja, kingine kwenye chuma cha nje cha jeki. Ikilia, waya upo. Fungua nyuma, ukate, funika ncha kwa tepu.  

Kinga hii si kamili. Plagi ya kebo, bamba la jeki na vitufe vya chuma bado vimeshikamana na ethi, na mkono unaweza kuvigusa. Kabla ya kuimba napima volti za umeme wa mkondo geu kati ya chuma cha plagi ya gitaa na wavu wa maiki. Mita za kidijiti huonyesha volti kadhaa hata pasipo na hatari, lakini nikiona makumi sipigi mpaka amplifaya na mikisa vichomekwe kwenye soketi moja yenye ethi ya kweli. Na kamwe usikate pini ya ethi ya amplifaya ili kuondoa mvumo. Nimeona watu wakifanya hivyo, na ni kucheza na roho za watu.

Upande wa sauti sina budi kusema wazi, maana mji huu una masikio. Tanga ndiyo ya bendi za dansi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na Black Star Musical Club ya hapa ni miongoni mwa vikundi vilivyoliingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu. Gitaa la sauti hizo ni safi, linang'aa, kila uzi unasikika peke yake. Pikapu ya 81 ina sumaku ya kauri, imetengenezwa kwa sauti iliyokwaruzwa makusudi (distortion) ya roki, na kwenye sauti safi naiona ngumu na kavu. Kwa solo ya dansi yenye mapigo ya haraka inapenya vizuri kati ya tarumbeta. Kwa taarabu inachoma masikio. Ya 85 ina sumaku ya alniko (mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti), ina mwili, na ndiyo ninayoitumia muda mwingi. Mimi ningeweka 85 mbili. Kwa pikapu za miaka ya karibuni huhitaji hata kulehemu: zina viunganishi vya kuchomeka, unafungua skrubu mbili za fremu, unachomoa, unachomeka nyingine.

Kimo chake nacho kina kazi. Bonyeza uzi wa sita na wa kwanza kwenye freti ya mwisho, kisha pima kutoka uzi hadi uso wa pikapu. Anza na milimita 3 upande wa shingo na 2 upande wa daraja. Sauti safi ikianza kukwaruza kwenye mapigo mazito, shusha nusu milimita nusu milimita. Amplifaya yenye matundu mawili ya gitaa, kama Roland JC-120, chomeka kwenye lile la nguvu ndogo, la juu linazidiwa mapema. Baadhi ya wapigaji huunganisha betri mbili kwa mfululizo kupata volti 18. Pikapu zinastahimili hadi 27, hivyo hakuna hatari. Sauti haiwi kubwa zaidi, ila pigo zito linabaki safi. Shida ni nafasi: betri moja ina urefu wa milimita 48, upana 26 na unene 17, na magitaa mengi hata hiyo moja inaingia kwa kubanwa.

Chumvi ya bahari inashambulia vitu viwili kwanza: klipu ya betri na midomo ya jeki. Klipu inaota ukijani, jeki inaanza kukwaruza unapogeuka. Kila nikibadili nyuzi nafuta plagi kwa kitambaa kikavu, napuliza dawa ya kusafisha viunganishi kidogo kwenye jeki, kisha nachomeka na kuchomoa plagi mara kumi. Usitumie mafuta ya cherehani; yanakamata vumbi. Gitaa lisilopigwa kwa mwezi mzima toa betri kabisa. Ndani ya begi naweka vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, na msimu wa masika navibadili mara kwa mara. Pikapu zenyewe, kwa kuwa zimezikwa kwenye gundi, upepo wa bahari hauzigusi. Koili za pikapu za kawaida huingiwa na kutu zikakatika, hizi sijaona.

Kinachoniudhi ni mahali pa betri. Kwenye gitaa lisilo na kijisanduku chake, betri iko chini ya kifuniko cha nyuma chenye skrubu nne hadi sita, na jukwaani gizani huo ni mtihani. Tembea na bisibisi nyota ndogo, betri moja mpya ndani ya karatasi yake, na kipande cha tepu kwenye kifuniko chenye tarehe uliyoweka ile iliyomo. Ukiifunga betri, izungushie sponji: ikigonga mbao, pikapu ni kimya lakini mbao zinatoa mlio, na maiki ya ngoma iliyo karibu inaudaka.

Anayepiga taarabu tu, na gitaa lake lina nafasi za pikapu nyembamba, atafute EMG SA badala ya jozi hii. Inatumia betri ile ile, jeki ile ile na vitufe vile vile vya kiloomu 25, haivumi chini ya taa za tyubu, na mng'ao wake unakaa karibu zaidi na kinanda na fidla.