ADAMS: maktaba ya wazi ya vibali vya nyuklia

Nyota tano kwa ADAMS, maktaba ya mtandaoni ya NRC, tume inayosimamia nyuklia Marekani. Ni bure. Nafundisha fizikia Kilifi, na humo nafuatilia NuScale, kampuni inayobuni mitambo midogo ya nyuklia: ombi la kwanza liliingia mwisho wa 2016, cheti cha muundo kikatoka Januari 2023; muundo wa mtambo wa megawati 77 ukaidhinishwa Mei 2025. Tafuta kwa namba ya jalada, mfano 52-048, utaona wakaguzi wanavyobana kampuni kuhusu jenereta ya mvuke, sehemu inayogeuza maji kuwa mvuke. Raha tupu! Sheria ya ADVANCE aliyosaini Biden Julai 2024 inataka vibali viharakishwe na ada ishuke. Naiunga mkono, mradi maswali ya wakaguzi yabaki hadharani. Kenya nasi tukijenga, tuanze na maktaba kama hii.